Mtoto wa Nyumba ya Miguu Juu

Juni 28, Jumapili

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa stendi, ukanishika mkono ukasema, "Andika kila siku, hata mstari mmoja, msimu ukiisha unitumie nisome." Leo ni wiki ya tano na ndiyo kwanza nafungua ukurasa. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, ikishika kalamu inatoboa karatasi. Nikasema nisubiri ipoe. Haijapoa. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nianze na nyumba, maana huku kila mtu anaanza na nyumba. Iko kando ya barabara kuu, imejengwa makusudi kichwa chini miguu juu. Paa limekaa ardhini, msingi unaangalia mawingu. Ukiingia, unachokanyaga ni dari. Kitanda, meza, viti, jiko, hata choo, vyote vimefungwa kwa bolti juu ya kichwa chako. Balbu imechomoza sakafuni kama uyoga. Na kwa kuwa milango nayo imepinduliwa, ule ukuta unaokaa juu ya mlango ndio umekuja chini, kwa hiyo kutoka chumba hadi chumba lazima unyanyue mguu uruke kizingiti cha shibiri nzima. Watu walio safarini na familia zao wakiiona wanasimama, wanaingia, wanapiga picha, wanaigeuza picha, wanajiona wamesimama darini kama mijusi. Wanacheka, wanaondoka. Mimi nabaki na ufagio.

Mwenye nyumba ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Watu wote wanamwita Meneja, hata mume wangu. Karakana alikofanya kazi mume wangu ilipofungwa, ndiye aliyetuita: msimu mmoja tu wa kiangazi, mpaka mvua. Mume wangu anakaza bolti na kupaka rangi, mimi nafagia. Tunalala nyuma, ndani ya kontena la chuma lililokuwa stoo. Mlango wake nao una ukingo wa kuruka. Taa yetu ni ya sola, tunaiweka chini.

Chiriku, jina la utani ulilompa wewe kwa makelele yake, ana mwaka na miezi minne. Ametembea, dada. Hatua ya kwanza aliipiga wiki ya pili, pale darini, kati ya balbu na ukuta. Nililia kwa furaha. Hicho kitu kimoja sikukikasirikia.

Julai 1

Vumbi. Wageni wengi. "Dada, nyie mnalala kichwa chini?" Mara kumi na tisa. Nimeanza kuhesabu.

Julai 3

Mara ishirini na sita. Upepo umeleta mchanga mpaka kwenye meza za juu, na mchanga wa juu hauzoleki, unakungoja umalize kufagia ndipo uanguke.

Mama Tiketi, yule mwanamke wa makamo anayekaa kibandani kukata tiketi, miwani yake imefungwa kwa uzi, ameniambia, "Ukikasirikia swali la mgeni utakufa kabla ya mvua." Kisha akaongeza, "Na huyo mtoto wako akilia anaharibu picha za watu." Simpendi.

Julai 7, Jumanne

Leo nilimpeleka Chiriku mjini, kliniki. Amepanda gari amelala, amefika ameamka. Nikamshusha mlangoni aingie kwa miguu yake, nimejawa na fahari.

Alipofika mlangoni alisimama. Akashika fremu kwa mkono mmoja, akanyanyua mguu mpaka juu, akaruka. Sakafu ilikuwa sawa bin sawa, dada. Hapakuwa na kitu. Akanyanyua na mguu wa pili, akauruka huo usio kitu, akaendelea zake.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, huyu anaruka nini?"

"Sijui."

Alimtembeza mlangoni mara tatu. Mara tatu aliruka. Akamlaza, akamkunja nyonga, akamnyoosha magoti, akaniuliza kama alizaliwa kwa shida. Chiriku akiwa amelala pale akaona balbu inaning'inia juu. Akaitazama, akatazama chini, akatazama juu tena, akapiga ukelele, akajificha shingoni kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu aanze kutembea, mtoto wangu hajaona taa ikikaa juu wala mlango usiorukwa. Kwake sisi wengine ndio tumepinduka.

Nilimweleza muuguzi tunapokaa. Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Mguu ni mzima," alisema. "Mtoto anajifunza dunia anayoonyeshwa. Mpitishe kwenye milango ya kawaida kila siku, atazoea. Ila usicheleweshe."

Nilirudi nikamwambia mume wangu. Na mume wangu, dada, badala ya kuyameza, tulipoketi kula kwa Meneja akayatapika kama hadithi ya kuchekesha. Akainuka kabisa kuigiza mguu. Mimi namkanyaga chini ya meza, yeye anaendelea. Alipomaliza, Meneja hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Anaruka popote?" akauliza.

"Popote, kaka!"

Ningejua, ningemziba mdomo kwa sufuria.

Julai 9

Meneja ameleta fremu ya mlango, mlango wenyewe hauna. Ameisimamisha uani, katikati ya pahali patupu. Nikauliza ya nini. "Mapambo, shemeji."

Julai 12, Jumapili

Mapambo!

Saa nne magari yalikuwa yamejaa. Nafagia chumba cha kulala, nasikia makofi. Nasikia tena. Nikatoka na ufagio wangu. Watu wamejipanga duara, Meneja amechuchumaa upande mmoja wa fremu ameshika biskuti, upande wa pili mume wangu amemshika Chiriku. "Njoo kwa baba mkubwa! Njoo!" Mtoto anakuja mbio, anafika kwenye fremu, anasimama, anaruka hewa. Watu hoi kwa vicheko. Simu juu. Chiriku naye akaona watu wanafurahi, akapiga makofi, akarudi kuruka tena. Yeye hajui. Ndicho kilichonichoma: anafurahi nao.

Na bango lilikuwa limeshafungwa barabarani, picha yake mguu juu, maneno mekundu: MTOTO WA NYUMBA YA MIGUU JUU. AMEZALIWA HUMU! HAJAWAHI KUONA NYUMBA YA KAWAIDA!

Amezaliwa humu? Ulikuwepo wewe, dada, ulinishika mgongo. Alizaliwa hospitali, kwenye kitanda chenye miguu chini.

Nikamfuata Meneja mbele za watu. "Shemeji, huyu alizaliwa wapi?"

"Ah, shemeji. Hilo ni tangazo, si kiapo."

"Mshushe kwenye hilo bango."

"Nani ameumia? Wewe umemuona amelia? Mtoto anacheza, wageni wanafurahi, kuna ubaya gani?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake, kama vile ndiyo kwanza anaviona. Nilimchukua mtoto nikaingia naye kontenani. Nje nilimsikia Meneja akiwaambia watu, "Mama yake ana aibu kidogo," na watu wakasema, "Ooo," kwa huruma. Huruma ya kumhurumia Meneja.

Julai 15

Sijaongea na mume wangu tangu Jumapili. Nimemwambia tu chumvi iko wapi.

Julai 17

Bado. Jana aliipata mwenyewe.

Julai 19, Jumapili

Nilimfunga mgongoni asubuhi nikasema leo hashuki. Nimefagia naye, nimepika naye, nimeota vipele. Meneja akasema kazi haifanyiki vizuri na mzigo mgongoni. Nikasema huu si mzigo. Mume wangu akasema, "Mama Chiriku, dakika kumi tu, yaishe." Dakika kumi zikawa mara tano.

Dada, nilimpa mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Andiko hili liwe ushahidi kwamba sikuwa bora kuliko wao siku hiyo. Nilikuwa nimechoka.

Julai 22

Leo tumezunguka barabara nzima na pikapu, mimi, mume wangu na mtoto, kusimika mabango ya Meneja. Anaogopa wenzake, maana barabara hii kila baada ya mwendo kidogo kuna mtu amebuni kioja cha kusimamisha magari. Kuna birika kubwa kuliko nyumba, wanachoma majani mabichi ndani litoe moshi mdomoni. Nilicheka, nakiri. Ndiyo mara ya kwanza nimecheka tangu tuje, na mume wangu akanitazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Kuna kiti cha mbao unachopanda kwa ngazi, miguu ikining'inia mzee wa miaka sitini anakuwa mtoto. Kuna mtu ameweka ukutani viatu mia vya mguu mmoja mmoja vilivyookotwa barabarani, chini ya kila kimoja ameandika kiliokotwa lini. Hicho nilikipenda. Nilisoma vyote.

Kisha mbuzi wa miguu mitano. Yuko ndani ya kizimba cha nondo, mguu wa tano umening'inia begani kama mkono wa koti. Alikuwa amelala. Mwenyewe akachukua fimbo, akamchokoa ubavuni, mbuzi akasimama, watu wakaona, wakapiga picha, mbuzi akalala. Gari lingine likaja. Fimbo. Akasimama. Hakulia hata. Alishazoea kusimama.

Mume wangu akasema, "Lakini anamlisha vizuri. Ona manyoya yake."

Nikamgeukia. "Rudia ulichosema."

"Nimesema anamlisha..."

"Basi na mimi siku moja niulizwe kuhusu baba wa mwanangu, nitasema alimlisha vizuri."

Akanyamaza mpaka nyumbani. Lakini safari hii si ule unyamavu wa viatu. Alikuwa ameuma meno, niliona shavu linacheza. Nikasema labda neno limeingia.

Julai 24

Mama Tiketi ameniita kibandani. Nilijiandaa kwa matusi. Akafungua mlango wa kibanda chake, akanionyesha chini kwa kidole. "Unaona nini?"

"Sakafu."

"Haina kizingiti. Ni mlango pekee wa maana eneo hili lote. Saa saba wageni wakiwa wanakula, mlete, tumpitishe."

Nikamuuliza kwa nini, maana kwa kweli sikumwelewa. Akavua miwani akaifuta, uzi ukamning'inia shavuni.

"Wa kwangu alikuwa na kigugumizi," alisema. "Mjomba wake ana duka. Alikuwa anamwita: 'Hebu waambie wateja bei ya sukari.' Watu wanacheka, duka linajaa. Mimi nikasema ah, ni mjomba wake, anampenda. Leo ni mtu mzima. Hapigi simu. Ananitumia ujumbe wa kuandika tu, hata siku ya msiba." Akavaa miwani. "Haya, mlete, usinikodolee macho."

Nilikuwa nimemhesabu vibaya yule mama.

Julai 25

Mara kumi ameruka. Mara moja ameburuza mguu.

Julai 28

Mara tatu sawa! Mama Tiketi amepiga meza kwa furaha, wino umemwagika.

Julai 30

Leo amepita kama malkia. Hata hakutazama chini.

Agosti 2, Jumapili

Jua kali, umati. Meneja na biskuti yake. "Njoo kwa baba mkubwa!" Chiriku akaja mbio, akafika kwenye fremu, akapita. Akapita tu, kama unavyopita wewe, kama ninavyopita mimi. Watu wakangoja. Meneja akamrudisha. Akapita tena. Baba mmoja akamwambia mkewe, "Ndiyo hiyo? Si mtoto anatembea tu?"

Ndiyo hiyo, baba. Mtoto anatembea tu. Nilitamani nimkumbatie.

Jioni Meneja alikuja kontenani. Hakugonga. "Shemeji, nani amemfundisha?"

"Ana akili zake."

"Sikiliza. Msimu bado mwezi mmoja. Mpaka mvua, usimfundishe tena. Mvua ikinyesha mfundishe hata kuruka na ungo."

Nilimwambia asithubutu tena katika maisha yake kuniambia nisimfundishe mwanangu kutembea. Nilimwambia hivyo nimesimama, na sauti yangu haikupanda. Akamtazama mdogo wake: "Mkeo huyu." Akaondoka. Mume wangu akasema, "Nitaongea na kaka." Nikamwamini, dada. Niandike na hilo pia.

Agosti 5

Joto. Mara thelathini na moja. Mume wangu anasema wameongea, yameisha.

Agosti 9, Jumapili

Naandika mtoto akiwa mapajani, utavumilia mwandiko.

Asubuhi Meneja alikuwa mpole. Alinisalimia kwa kicheko. "Leo apite anavyotaka, shemeji, sina neno. Watu waone tu." Mume wangu akasema, "Si unaona?" Nikamwachia. Nikasimama karibu kabisa, hatua tatu.

"Njoo kwa baba mkubwa!"

Chiriku akaja mbio kwa viguu vyake vilivyokwisha kujiamini. Hakusimama kwenye fremu. Na katikati ya fremu, mahali pasipo na kitu, akakatwa ngwala. Akaenda na uso. Nilisikia sauti ya meno kwenye zege, dada. Mtu mmoja alicheka, nadhani alidhani ni sehemu ya mchezo. Mwingine aliendelea kushika simu juu.

Nilimwinua. Jino limetoboa mdomo wa chini, damu imejaa mpaka kifuani. Alikuwa hajalia bado, amekosa pumzi, amenitolea macho kama ananiuliza mimi: mama, si ulisema hakuna kitu?

Kisha akalia.

Meneja akafika. "Pole, pole, ni kuanguka tu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, shemeji."

"Mwana wa nani?" nilisema. "Mwana wa nani, wewe?"

Nikainama nikapapasa. Chini ya fremu, kimo cha muundi wa mtoto, palikuwa na uzi wa mshipi, ule mwembamba wa kuvulia samaki, juani huuoni. Umefungwa kulia na kushoto. Ili ajikwae, ajue kuwa panarukwa.

Nikatazama fundo. Fundo lilikuwa la kuzungusha mara mbili, ncha zimechomwa kwa kiberiti zisifumuke. Dada, miaka minne nimeanika nguo kwenye kamba za mume wangu. Sijawahi kuona mtu mwingine anachoma ncha.

Sikupiga kelele. Nilimwita tu. Akaja. Nikamwonyesha fundo kwa kidole chenye damu ya mtoto wake.

"Kaka alisema siku moja tu," alisema. "Akumbuke tu. Sikudhani atakuja mbio."

"Ulidhani atakujaje? Ana mwaka na nusu."

"Mama Chiriku..."

"Usiniite hivyo."

Nilivua kitambaa kichwani nikamkandamiza mtoto mdomoni, nikaanza kutembea kuelekea barabarani hivyo hivyo, bila viatu, bila begi, na daftari hili tu kwenye mfuko wa aproni. Nyuma nikasikia mlango wa kibanda unapigwa kwa nguvu. Mama Tiketi. Jumapili, foleni imefika kwenye magari, yeye amefunga dirisha, ametupa ufunguo kwenye majani. Meneja anapiga kelele, "Unakwenda wapi wewe?" Akajibu bila kugeuka, "Kata mwenyewe! Mikono si unayo? Ya kufungia nyuzi unayo!"

Familia moja iliyokuwa kwenye foleni ilitupakia. Mtoto wao wa kiume akauliza, "Mama, ndiyo yule wa kwenye bango?" Mama yake akamwambia nyamaza.

Agosti 12

Tuko mjini, chumba cha Mama Tiketi. Nyuzi mbili mdomoni, alimshona yule yule muuguzi. Chiriku anakunywa uji kwa kijiko kidogo. Mlangoni sasa haruki wala hapiti. Anakaa chini, anapapasa hewa kwa mkono kwanza. Kila mara. Hilo ndilo walilomfundisha.

Agosti 14

Muuguzi amenipatia kazi ya usafi kliniki, kuanzia Jumatatu. Nimemwambia mimi usafi naujua, hata wa darini. Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikalia ndoo ikiwa mkononi.

Agosti 18, Jumanne

Bango bado liko barabarani. Nimekwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Meza yake ina mafaili mpaka kidevuni. Kumbe Meneja alinitangulia. Amesema mtoto ni wa nyumbani kwake, amezaliwa kwake, baba yake ameridhia, mimi ni mke niliyekimbia na hasira zangu, na anaomba mtoto arudishwe kwa familia.

"Uongo huo wa bango anausema mpaka ofisini?" nilimuuliza afisa.

"Mama, mimi siangalii bango. Naangalia karatasi. Mtoto alizaliwa wapi, na nani ameandikwa kama mama? Leta cheti cha kuzaliwa, halisi. Jumanne ijayo, saa tatu. Na baba naye aje."

Agosti 19

Mume wangu amekuja. Amekonda. Alisimama nje, hakuthubutu kuingia, na mimi sikumkaribisha. Anasema amekwangua uso wa Chiriku kwenye bango kwa kisu cha rangi, na kaka yake amemfukuza, ila mchora mabango ataletwa kupaka upya. Mkono wake ulikuwa na rangi nyekundu mpaka kiwikoni.

Chiriku alimwona. "Baba." Akaenda mpaka mlangoni, akakaa chini, akapapasa hewa. Mume wangu alimtazama akipapasa. Akaelewa anachotafuta. Akageuza uso ukutani.

Sikumgusa. Nilitaka, lakini sikumgusa.

"Jumanne mbele ya afisa," nilimwambia, "utasema nani alifunga uzi, na nani alimtuma?"

"Ni kaka yangu," alisema.

"Na huyu?"

"Nitasema."

"Basi tutaonana Jumanne."

Agosti 20

Siwezi kungoja mvua. Daftari hili linaondoka leo na basi, nimempa kondakta mkononi. Ukilimaliza, usilie kwanza, tafuta kwanza. Tuma kwa basi la Jumamosi, lifike Jumapili, vitu hivi na si vingine:

Cheti cha kuzaliwa cha Chiriku, halisi, si kopi. Kiko kwenye bahasha ya kaki ndani ya begi langu jeusi, chini ya nguo zake za uchanga.

Kadi yake ya kliniki ya zamani, ina muhuri wa hospitali siku aliyozaliwa.

Barua ya mkono wako, useme ulikuwepo chumbani nilipomzaa. Weka sahihi na namba ya kitambulisho chako.

Gauni langu la bluu lenye kola. Sitaki kwenda ofisini nikiwa nafanana na hasira zangu.

Viatu vya Chiriku namba ishirini na moja, vya soli laini. Soksi jozi mbili.

Shuka mbili na sufuria ndogo yenye mfuniko.

Viatu vya kazi vya mume wangu viko chini ya kitanda chako. Najua utataka kuvifungasha. Usivitume. Bado.